Si kila rundo la mifupa ni kidimbwi kilichokauka

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa amfibia ni mnyama wa namna gani, aghalabu hujibu bila kusitasita kwamba ni kiumbe aliyetoka majini asifike nchi kavu. Samaki yuko chini, amfibia yuko juu yake, anafuata mtambaazi, kisha ndege na mamalia, na juu kabisa, kama mwenye nyumba, ameketi binadamu. Picha hiyo ya ngazi imechorwa ubaoni mara nyingi mno hata imekuwa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Sina ugomvi na mageuko ya viumbe. Ushahidi wake ni mwingi na uko wazi. Ugomvi wangu ni na ngazi. Leo nataka kuwaletea walimu na wanafunzi ukoo mmoja wa wanyama waliotoweka zamani, ukoo ambao umeonewa sana kwa sababu ya ngazi hiyo, ili tuone jinsi hadithi tamu inavyoweza kukalia kiti cha ushahidi kwa miaka mingi bila kudaiwa kodi.

Ukoo huo ni wa metoposauri. Waliishi katika sehemu ya mwisho ya kipindi kiitwacho Triasi, sehemu iliyoanza takriban miaka milioni 237 iliyopita na kwisha miaka milioni 201 iliyopita, wakati mabara yote yalikuwa yameshikana na kuwa nchi moja kubwa, Panjea. Mjerumani Hermann von Meyer ndiye aliyempa jina wa kwanza wao mwaka 1842, lakini ikabainika kwamba jina lile lilikuwa limekwisha kupewa kiumbe mwingine, na mwaka 1890 Mwingereza Richard Lydekker akamtafutia hili tulilo nalo.

Ili umwone metoposauri kwa macho ya akili, mfikirie mamba aliyepitiwa na tingatinga. Kichwa chake kilikuwa bapa kama sinia, na katika aina kubwa fuvu peke yake lilipita nusu mita kwa urefu, mwili mzima ukifikia mita mbili hadi tatu. Macho yake yalitazama juu, nayo hayakuwa nyuma ya kichwa kama ya mamba, bali yalisogea mbele karibu na pua. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wake. Mtaalamu akiokota fuvu bapa la Triasi, jambo la kwanza atakalolitafuta ni mahali pa macho. Sehemu ya juu ya fuvu ilijaa vishimo na matuta mfano wa sega la nyuki, na katikati ya matuta hayo hupita vijifereji. Katika vijifereji hivyo mlikaa viungo vya kuhisi mtikisiko wa maji, kama vile alivyo navyo samaki ubavuni hadi leo. Kifua chake kilikingwa na mabamba mapana ya mfupa, ambayo asili yake ni mitulinga na mfupa uliokaa baina yake. Meno yake, ukiyakata katikati, yanaonyesha mikunjo ndani kwa ndani kama vichochoro vya mji wa kale. Na miguu? Miguu ilikuwa mifupi na dhaifu. Huyu hakuwa mnyama wa kwenda safari.

Hapo ndipo mchoraji wa ngazi anaposhangilia. Tazameni, atasema, kiumbe aliyeshindwa kuacha maji! Lakini na tumtazame jamaa yake wa kale zaidi, Eryops, ambaye visukuku vyake vimepatikana Texas katika miamba ya kipindi cha Permi. Eryops alikuwa na miguu minene, yenye nguvu ya kuubeba mwili wake nchi kavu. Metoposauri walikuja makumi ya mamilioni ya miaka baada yake, nao ndio wenye miguu dhaifu. Kama mageuko ni ngazi, basi hawa waliishuka. Nyangumi na pomboo nao ni wazao wa wanyama waliotembea kwa miguu minne, na sijasikia mwalimu yeyote akiwaita walioshindwa. Metoposauri walidumu zaidi ya miaka milioni 25, mbele ya macho ya dinosauri wa kwanza. Sisi binadamu wa aina yetu hatujafikisha hata nusu milioni. Mabaki yetu ya kale zaidi, yaliyopatikana Jebel Irhoud nchini Morocco, yana umri wa takriban miaka 300,000. Kabla ya kumwita mwenzetu mfeli, yafaa tuitazame kwanza kalenda.

Walienea mbali. Mifupa yao imechimbwa Ujerumani, Poland, Ureno, Morocco, India na magharibi mwa Marekani, na vipande vyao vimepatikana hata Madagaska, ambako Mfaransa Jean-Michel Dutuit alivieleza mwaka 1978. Wataalamu wa visukuku waliochimba karibu na Loulé, kusini mwa Ureno, walitangaza aina mpya mwaka 2015 wakaiita kwa jina la mkoa wa Algarve. Huko Krasiejów, kijiji cha Poland kilicho karibu na mji wa Opole, timbo la udongo lililochimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji lilitoa mifupa ya metoposauri kwa wingi ajabu. Katika timbo lilo hilo alipatikana mnyama mwingine, Silesaurus, jamaa ya dinosauri, aliyepewa jina mwaka 2003. Namtaja kwa sababu ana ndugu Tanzania. Katika Bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa nchi hiyo, wataalamu walimgundua mnyama wa jamii yake aliyemtangulia, na mwaka 2010 wakamwita Asilisaurus kongwe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Bonde hilo hilo lilitoa pia amfibia mkubwa wa majini mwenye kichwa bapa, aliyeelezwa mwaka 1970, ambaye si metoposauri lakini ni wa kundi lao kubwa la temnospondili. Basi tunapozungumza juu ya wanyama hawa hatuzungumzi habari za watu wa mbali tu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1936, karibu na Lamy, kusini mwa mji wa Santa Fe katika jimbo la New Mexico, iligunduliwa tabaka moja ya mwamba iliyosheheni mifupa ya metoposauri. Miaka miwili baadaye wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard waliifukua. Mafuvu yalilaliana kama sahani zilizorundikwa baada ya karamu, makumi kwa makumi, yote ya aina moja ya mnyama. Mwaka 1939 Alfred Sherwood Romer aliandika makala akaeleza kilichotokea: ukame uliingia, maji yakapungua, wanyama wakakusanyika katika kidimbwi cha mwisho, kidimbwi kikakauka, nao wakafa wakiwa wamebanana. Maelezo hayo yalipendeza, yakaingia vitabuni na katika majumba ya makumbusho, na yakakariri kila aliyekariri.

Kwa nini Romer alikiona kidimbwi kilichokauka upesi hivyo? Tusisahau kwamba ndiye yule yule aliyekuwa amekwisha kufundisha kwamba miguu ya kwanza duniani ilitokana na ukame. Kwa maoni yake, samaki wa kale ambaye kidimbwi chake kilikauka alijikokota kwenda kutafuta kidimbwi kingine, na waliojikokota vizuri zaidi ndio waliozaa wenye miguu. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili kubwa, na vitabu vyake vya anatomia vililea vizazi vya wanafunzi. Lakini msafara wa Jenny Clack wa Uingereza kule Greenland mwaka 1987 ulirudi na mabaki bora ya Acanthostega, kiumbe wa miaka milioni 365 hivi iliyopita, mwenye miguu minne na vidole vinane katika mguu wa mbele, ambaye mwili wake wote ulikuwa wa kuishi majini. Miguu ilikuja kwanza. Kutembea nchi kavu kukafuata. Kidimbwi cha Romer kilipoteza kazi yake ya kwanza. Je, ile ya pili, ya kuua metoposauri wa Lamy?

Ili tulijibu swali hilo inatubidi tupite Amboseli, na sisemi hivyo kwa kujipendekeza kwa Wakenya wenzangu. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Marekani, Anna Behrensmeyer, alianza kuzunguka katika uwanda ule akichunguza mizoga na mifupa iliyotapakaa ardhini. Ni kazi ambayo mpita njia angeidhani ya mtu asiye na shughuli. Alitaka kujua mfupa hupatwa na nini tangu siku mnyama anapokufa hadi siku unapozikwa: unapasuka lini, unabambuka vipi, upi huliwa na fisi na upi huchukuliwa na maji. Mwaka 1978 alichapisha hatua za kuchakaa kwa mfupa, kuanzia sifuri, ambapo mfupa ungali mbichi, hadi tano, ambapo unavunjika vipande vipande ulipo. Tangu hapo, popote duniani wanapochimba rundo la mifupa ya kale, wataalamu hutumia kipimo hicho. Elimu ya kusoma makaburi ya wanyama ilipikwa kwa sehemu kubwa katika vumbi la Kajiado.

Na Kenya hiyo hiyo inatupa mifano miwili ambayo kila mwanafunzi anaweza kuielewa. Ukame wa mwaka 2009 uliua nyumbu na punda milia kwa maelfu huko Amboseli. Mtu aliyeona mizoga ile angemwamini Romer mara moja. Lakini nenda Mto Mara wakati nyumbu wanapovuka. Watafiti waliohesabu, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta kwamba kwa wastani mizoga zaidi ya 6,000 ya nyumbu hubaki mtoni kila mwaka kwa kuzama. Nyama huoza au kuliwa kwa majuma machache, lakini mifupa hukaa mtoni kwa miaka, ikisombwa na kukusanywa mahali maji yanapopoa. Mtu wa miaka milioni 200 ijayo akilifukua rundo hilo atakuta mifupa ya aina moja ya mnyama, imelundikana pamoja. Akisema ukame uliwaua, atakuwa ameisoma barua kinyume, kwani waliuawa na maji.

Wataalamu waliporudi Lamy na kuipima mifupa ile upya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010, walitafuta dalili ambazo kidimbwi kinachokauka kingeziacha, kama vile matope yaliyopasuka kwa jua, wasizione. Walichokiona ni mifupa iliyoachana. Mafuvu, mabamba ya kifua na pingili za uti wa mgongo vilikuwa vimetengana, ishara kwamba nyama ilikuwa imekwisha kuoza na maji yakaisogeza mifupa kabla ya kuifukia. Isitoshe, takriban wanyama wote walikuwa watu wazima. Ukame hauchagui umri namna hiyo. Kidimbwi cha mwisho kingewakusanya wazazi na watoto wao. Jambo moja la hakika ni kwamba walikufa wengi kwa pamoja. Lililowaua halikuandikwa katika mifupa.

Krasiejów nako hadithi ikawa ngumu zaidi. Watafiti wawili wa Poland, katika makala ya mwaka 2012, walichunguza madini yaliyojaza matundu ya ndani ya mifupa, wakakuta kwamba mifupa iliyolala bega kwa bega haikuanza kuzikwa mahali pamoja. Ilikuwa imezikwa kwanza huku na huku, ikafukuliwa na mafuriko, ikachanganywa na kuzikwa mara ya pili. Majirani wa kaburini hawakuwa lazima majirani wa uhai.

Hapa ningeweza kukomea na kumzomea Romer, na pengine kuna msomaji anayengojea nifanye hivyo. Lakini twende Morocco, katika Bonde la Argana kwenye milima ya Atlas, alikochimba yule Dutuit niliyemtaja. Mahali pamoja padogo alipata metoposauri wapatao 70, mifupa yao mingi ikiwa ingali imeungana kama ilivyokuwa katika mwili. Wakubwa walikuwa katikati, wadogo pembeni. Ni kama picha ya wanyama wanaogombea tope la mwisho, mwenye nguvu akishika mahali penye kina na mnyonge akisukumwa ukingoni. Hao walikauka pamoja na kidimbwi chao, na mpaka leo maelezo hayo yamesimama. Mwaka 2004 watafiti waliikata mifupa ya mapaja ya aina hiyo, ambayo sasa inaitwa Dutuitosaurus kwa heshima yake, wakakuta pete za kukua kama zile za shina la mti, zenye mistari inayoonyesha kwamba kila mwaka ukuaji ulisimama kabisa kwa muda. Metoposauri wa Krasiejów, kwa upande mwingine, wana pete ambazo zinaonyesha kupungua kwa ukuaji bila kusimama hivyo. Kule Morocco msimu mbaya ulikuwa mkali. Kule Poland ulivumilika. Wanyama wa ukoo mmoja, vifo vya namna mbalimbali. Ukame si uongo. Uongo ni kuuandika kila mahali kabla ya kutazama.

Kuna kisa kingine kidogo ambacho hunifurahisha kila nikikikumbuka. Mwaka 1993 ilitangazwa aina ya metoposauri mdogo wa Marekani, Apachesaurus, mwenye pingili ndefu kuliko za wenzake. Ikasemwa kwamba huyu alijizoeza kuishi nchi kavu, na kwamba jinsi hali ya hewa ya Triasi ilivyozidi kukauka ndivyo wadogo hawa walivyozidi kuwa wengi na wakubwa kupungua. Ngazi imerudi, mnaiona? Mwaka 2017 watafiti walizikata pingili za namna hiyo kutoka msitu wa mawe wa Arizona wakazitazama kwa hadubini. Walikuta mfupa wa mnyama ambaye hajamaliza kukua. Nyingi ya zile pingili za mzee mdogo wa nchi kavu zilikuwa za watoto wa metoposauri wakubwa. Ubishi juu ya Apachesaurus mwenyewe haujafungwa, lakini hoja ya kwamba wadogo wa nchi kavu walichukua nafasi ya wakubwa wa majini ilipoteza miguu yake.

Mwalimu mwenzangu atasema silabasi ni ndefu na mtihani haungoji. Najua. Nimewahi kuiona karatasi ya mwanafunzi aliyeulizwa sababu ya visukuku vingi kupatikana mahali pamoja, akaandika kwamba huenda maji yaliikusanya mifupa kutoka mahali pengi. Alikatwa alama, kwa kuwa jibu lililotakiwa lilikuwa ukame. Mtoto yule alikuwa amefikiri kama mtaalamu, na tukamwadhibu kwa hilo. Haihitajiki silabasi mpya kumtendea haki. Yahitajika dakika kumi ambazo mwalimu, badala ya kutoa sababu, atauliza: mifupa imeungana au imetengana? Ni ya wazima watupu au wa kila umri? Udongo ulioifukia ni laini wa maji matulivu, au ni kokoto za mto wenye nguvu? Imechakaa juani au ilifukiwa ingali mbichi? Mzoga wa mbuzi uliotupwa nyuma ya uwanja wa shule, ukitazamwa kila wiki kwa muhula mmoja, utafundisha zaidi ya kurasa tatu za maelezo, ingawa nakiri mwalimu mkuu huenda asiufurahie.

Na maswali hayo hayana majibu ya kukariri. Katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, karibu na mji wa Dubois, lilichimbwa tangu mwaka 2014 rundo jingine la metoposauri, nao ni miongoni mwa wakongwe zaidi wa Amerika Kaskazini, wa miaka milioni 230 hivi iliyopita. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025. Walihesabiwa wanyama wasiopungua 19. Udongo wao ni laini kabisa, na hata mifupa midogo iliyo rahisi kupotea ilibaki palepale, kwa hiyo hawakusombwa kutoka mbali kama mifupa ya Lamy. Walifia hapo au karibu na hapo, katika maji matulivu. Labda walikuwa wamekusanyika kuzaliana. Labda maji yaliwakimbia. Waandishi wa utafiti huo waliyaweka yote mawili mezani wakayaacha hapo, na kama ningekuwa na darasa kesho asubuhi, ningeandika ubaoni idadi ile, 19, na habari za udongo ule laini, kisha ningeketi nyuma ya darasa niwasikilize.